Kopo la Svínoy

Helikopta imenishusha Svínoy saa nne asubuhi,
mimi, sanduku la barafu na gunia la barua.
Upepo wa Faroe hausalimu, unasukuma.
Kondoo wameipa mvua makalio
kama watu waliokwisha kuisikia habari.

Nimekuja kuchukua mavi.
Nalisema wazi, maana kazi yangu haina neno la adabu
lisilopoteza nusu ya maana.
Kwenye fomu tumeandika "sampuli".
Mlangoni Armgarð, mkewe, amesema "kile kitu",
akanielekeza kibandani, wanakokaushia nyama.
Huko, kati ya mapaja yaliyoning'inia tangu Oktoba,
kopo jeupe limekaa rafuni, limevishwa soksi ya sufu.

Soksi ya sufu!
Nikacheka. Kisha sikucheka.

Eyðun ana miaka hamsini na minane.
Kwa miaka kumi na mmoja alivuja damu chooni,
akavuta mnyororo, akanawa, akaenda kuchunga.
Alilijua kila jiwe la kujisitiri kati ya zizi na kilele,
ramani ambayo hakuna serikali iliyoichora.
Harusi ya bintiye aliitazama kutoka kiti cha mwisho,
karibu na mlango. Watu wakasema, ana majivuno.
Mficha maradhi kifo humuumbua;
yeye kilimkosa kidogo tu.
Alianguka gatini akiwa na kilo arobaini na tisa.

"Nilidhani ni kahawa," ananiambia,
huku akinimiminia kahawa.

Namchorea kwa kidole juu ya kitambaa cha meza:
ndani mwako kuna umati, Eyðun,
vijidudu vingi kuliko kondoo wa visiwa vyote kumi na vinane.
Wengi ni wapangaji wema,
husaga usichoweza kusaga, hulipa kodi kila siku.
Na wako askari, uliowalisha kwa damu yako mwenyewe,
ambao siku moja, hatujui kwa nini,
waliwatazama wapangaji wakaona wavamizi,
wakaichoma nyumba wakimtafuta mwizi asiyekuwamo.
Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa.
Hiki kimevuka nguo, kimevuka ngozi.
Kikulacho ni mlinzi wako,
na anaapa kwamba anakulinda.

Anakuna kidevu.
"Kwa nini sisi?
Watu elfu hamsini na kitu juu ya mawe haya,
na kila ukoo una wake.
Ni nyama iliyochacha? Ni mababu waliooa mabinamu?
Au ni hivi vyoo safi mno vya siku hizi?"

Ningekuwa mwongo ningempa moja aondoke nalo.
Tumepima zebaki ya nyangumi, tumezisoma jeni,
tumewafuata waliohamia Denmark, na watoto wao.
Kila jibu linaingia maabara likifuatwa na mwanakondoo,
na mwanakondoo huyo ni swali, na ana njaa.

Sijui.
Neno hilo naliweka mezani kati ya vikombe.
Eyðun analitazama kwa muda mrefu,
kama mnyama wa jirani aliyemkuta zizini mwake.
Kisha anasema: "Basi njoo mwezi ujao, uchukue jingine."

Narudi angani, sanduku magotini.
Mia mbili na saba: halina jina tena,
jina limebaki kisiwani na mwenyewe.
Usiku huu, nyuzi themanini chini ya sifuri,
litalala karibu na makopo mia nne ya watu
wanaopishana madukani bila neno,
kila mmoja akidhani yuko peke yake.
Humo gizani wamebanana bega kwa bega.

Soksi imo mfukoni mwangu, bado ina joto la jikoni.
Armgarð amenisisitizia irudi:
ina mwenzake.